Kwa mteja wa mtandaoni, mzembe na tapeli wanafanana

Leo sitaongelea namna ya kupata wateja wapya. Tuongee kuhusu yule ambaye umeshampata, ameshakulipa, na sasa hivi anasubiri mzigo wake.

Nianze na aibu yangu mwenyewe.

Nauza masweta na makoti ya watoto hapa Mwanjelwa, Mbeya. Fremu yangu ni ndogo, kwa hiyo wateja wengi nawapata mtandaoni: Tunduma, Vwawa, Makambako, Njombe, mpaka Iringa. Mnaoijua Nyanda za Juu Kusini mnajua, kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane baridi ya huku si mchezo. Huo ndio msimu wetu.

Mwaka wangu wa pili kwenye biashara, msimu umekolea, niliposti mzigo mpya Ijumaa usiku. Kufika Jumapili nina oda 23. Nilifurahi mpaka nikampigia mama. Oda zenyewe zilikuwa zimetawanyika: nyingine WhatsApp, nyingine Instagram, nyingine mtu kapiga simu tu. Sikuandika popote. Nikajisemea nitazikumbuka, si nimezipokea mwenyewe?

Kati ya hizo kulikuwa na dada mmoja wa Njombe. Alitaka masweta manne ya wanawe, walikuwa wanarudi bweni shule zikifunguliwa. Kila moja 17,000, jumla 68,000. Alilipa Jumatatu asubuhi, nikamwandikia: "Kesho asubuhi mzigo unapanda basi dada yangu."

Kesho yake sikwenda stendi. Sikuwa na nia mbaya, nilikuwa nahangaika na oda nyingine, na ya kwake ilishashuka chini kabisa kwenye simu. Jumatano akauliza. Kwa aibu nikajibu, "Umeshatoka dada," nikijua nautuma saa hiyo hiyo. Basi la mwisho lilikuwa limeondoka. Nikautuma Alhamisi, siku ambayo watoto waliondoka kwenda shule.

Akaukataa mzigo, akataka hela yake. Hapo ndipo nikagundua ugonjwa wa pili: hela haikuwepo. Nilishalipia kodi ya fremu na mchezo. Ikabidi nimkope mama. Wakati nasubiri mama atume, dada akaandika kwenye grupu la kina mama kwamba yule wa masweta Mwanjelwa ni tapeli, wasimtumie hela. Mtu ninayemfahamu akanitumia picha ya ujumbe ule.

Nililia. Nilitaka kumjibu kwamba mimi si tapeli. Halafu nikajiweka kwenye nafasi yake. Alilipa. Akaahidiwa. Akaambiwa mzigo umetoka wakati haujatoka. Alipodai hela akaambiwa asubiri kidogo. Sasa tapeli wa kweli angefanya nini tofauti na hapo?

Hilo ndilo ninalotaka ulishike leo. Mteja anayekuja dukani anakuona, anashika bidhaa, anaondoka nayo. Ukichelewa anakuona umetingwa. Mteja wa mtandaoni haoni moyo wako wala foleni yako. Anaona kitu kimoja tu: ulichosema kimetokea au hakijatokea. Uzembe wako na utapeli wa mwingine kwake ni kitu kile kile.

Angalia M-Pesa

Wengi tunadhani biashara kubwa zinakua kwa sababu mtu alipata wazo ambalo hakuna mwingine aliyelipata. M-Pesa inatuonyesha vingine.

Safaricom waliizindua Kenya Machi 2007. Kutuma hela kwa simu halikuwa wazo jipya duniani, Ufilipino walishaanza miaka kadhaa kabla. Na M-Pesa yenyewe ilipojaribiwa mwaka 2005 ililenga watu kurejesha mikopo midogo kwa simu. Wale wa majaribio wakaanza kuitumia kutumiana hela wao kwa wao, na wenye mradi wakawafuata huko huko.

Sasa fikiria ugumu wake. Unamwambia mtu aingie kwenye kiduka, ampe muuzaji asiyemjua noti zake, aondoke mikono mitupu na meseji tu. Kwa nini amwamini?

Alimwamini kwa sababu ya vitu vidogo vilivyorudiwa kila siku. Wakala alikuwa na daftari: tarehe, jina, namba ya kitambulisho, kiasi, sahihi ya mteja. Meseji ilifika hapo hapo, kabla mteja hajatoka mlangoni. Bei ilikuwa moja kwenye kila duka na imebandikwa ukutani. Kulikuwa na watu wa kuzungukia maduka kukagua kama daftari linajazwa na floti ipo. Maana wakala akisema "hakuna floti" mara mbili tatu, mteja harudi, na hamlaumu wakala peke yake, anailaumu huduma yote.

Vodacom wakaileta Tanzania Aprili 2008. Jina lile lile, kazi ile ile, na tayari ilikuwa imefanikiwa ng'ambo ya Namanga. Lakini mwanzoni haikukimbia kama Kenya. Ilibidi watu waingie mtaani kutafuta mawakala, kuwafundisha, kurekebisha bei, mwaka baada ya mwaka. Yaani wazo lililothibitika kabisa bado lilidai kazi ile ile ya kuchosha.

Kama kampuni zenye pesa zote zile zilihitaji daftari, mimi na wewe ni nani tukae na oda kichwani? Wazee walishasema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Ninachofanya sasa

Sina elimu ya biashara, nimeishia kidato cha nne. Haya nimejifunza kwa kupigwa.

1. Kila oda inaingia kwenye daftari moja. Nilinunua kaunta buku. Nimechora mistari: tarehe, jina, simu, mji, bidhaa na saizi, kiasi, amelipa saa ngapi, mzigo umetoka saa ngapi, basi gani, umefika. Oda ikija WhatsApp au kwa simu, naandika kwanza ndipo namjibu "nimepokea". Isiyoandikwa hiyo si oda, ni maongezi.

2. Nina saa ya kufunga. Anayelipa kabla ya saa kumi na mbili jioni, mzigo wake unapanda basi la kesho asubuhi. Anayelipa baada ya hapo, ni keshokutwa, na namwambia kabla hajalipa. Nafunga mizigo usiku, asubuhi bodaboda mmoja anaipeleka yote stendi. Nikishapata risiti ya mzigo naipiga picha, namtumia mteja pamoja na jina la basi na namba ya wakala wa kule anakopokelea. Hiyo ndiyo meseji yangu ya M-Pesa. Tangu nianze, zile "dada mzigo umefikia wapi?" zimepungua sana.

3. Hela ya mteja si yangu mpaka mzigo ufike. Nina laini ya biashara na laini yangu binafsi. Tupige hesabu ya yale masweta manne. Kununua 11,000 kila moja ni 44,000. Kuyaleta kutoka Dar, 800 kila moja, ni 3,200. Mfuko 500, bodaboda 2,000. Jumla 49,700. Kwenye ile 68,000, faida yangu ilikuwa 18,300 tu. Mimi nilikula 68,000 yote kama mshahara. Ndiyo maana unaona unauza kila siku halafu mzigo wa kufuata huwezi kununua.

4. Jumapili jioni nahesabu. Masweta yaliyobaki, hela iliyopo, oda ambazo hazijafika. Nalinganisha na daftari. Mara ya kwanza nilikuta masweta mawili hayaonekani na oda moja ambayo mteja alilipwa nusu ya chenji yake. Inachukua saa moja na inaumiza, lakini bora nijue mimi kabla mteja hajaniambia.

5. Kikiharibika, nasema mimi kwanza. Basi limekwama, saizi imeisha, nimesahau: napiga simu kabla hajauliza, namchagulisha, asubiri au nirudishe hela leo. Nimeshapoteza mauzo kwa njia hii, ila hakuna aliyeniita tapeli tena.

Najua kuna anayesema, "Mimi niko peke yangu, nina mtoto mgongoni, hayo yote nitayaweza lini?" Nakuelewa, na mimi siko na msaidizi. Usianze na matano. Anza na daftari peke yake kwa wiki mbili. Na kama saa yako ya kufunga huwezi kuitunza, punguza oda. Oda 8 zinazofika kwa wakati ni bora kuliko 23 zinazokuletea kesi. Siku ile nilipokuwa na oda 23 sikuwa na biashara kubwa, nilikuwa na ahadi 23, na ahadi ni deni.

Yule dada wa Njombe nilimrudishia hela yake yote na nikamwomba msamaha. Hakujibu na hajanunua tena, na simlaumu. Ila msimu uliofuata, mama mmoja wa grupu lile lile alinitafuta. Akaniambia wazi: "Nilisoma habari zako. Nitakulipa mzigo ukifika." Nikakubali. Nikamtumia asubuhi, picha ya risiti nikaambatanisha. Akalipa jioni ile ile alipoupokea. Siku hizi analipa kabla, na ameshaniletea majirani zake wawili.

Usiku huu kabla hujaposti bidhaa mpya, chukua karatasi. Andika kila mtu aliyekulipa na hajapata mzigo wake. Kisha tuambie hapa chini, wako wangapi? Na kesho asubuhi unaanza na nani?