Shangazi Mwalimu Atimiza Miaka 75

Mara nyingi sifa njema za mtu husikiwa na wote isipokuwa yeye mwenyewe. Husomwa siku ya mazishi, jeneza likiwa mbele ya madhabahu. Hata wajane wa Yafa walizionyesha nguo walizoshonewa na Dorkasi wakati mwenyewe amekwisha kufa, kabla Petro hajaomba na Bwana kumrudishia uhai. Sisi tumeona tuseme mapema. Mwezi huu shangazi yetu, dada mkubwa wa baba, anatimiza miaka 75. Bado anasikia vizuri, nasi tunataka asikie.

Darasa la asubuhi na la alasiri

Shangazi alizaliwa mwaka 1950 katika milima ya Usambara, wilayani Lushoto. Alianza kufundisha shule ya msingi mwaka 1971. Siku zile taifa lilikuwa vitani dhidi ya ujinga, kwani Mwalimu Nyerere alikuwa ametangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wakati wa sensa ya mwaka 1967, karibu watu wazima wawili katika kila watatu hawakujua kusoma na kuandika. Kufikia mwaka 1986, taarifa za serikali zilitaja mmoja tu katika kila kumi.

Nyuma ya hesabu hizo walikuwapo walimu kama shangazi. Asubuhi alifundisha watoto. Alasiri alibaki na mama zao, waliofika na vichanga mgongoni wakitoka shambani. Kichanga kikilia hata mama akashindwa kuandika, mwalimu alikipokea, akakipakata huku akiendelea kuandika ubaoni.

Baada ya Azimio la Musoma la Novemba 1974, lililotaka watoto wote wapate elimu ya msingi ifikapo mwaka 1977, madarasa yalifurika na walimu hawakutosha. Vijana waliomaliza darasa la saba walifunzwa ualimu wakiwa kazini. Shangazi aliwakaribisha wawili wao nyumbani kwake, akakaa nao usiku kuandaa masomo kwa mwanga wa kibatari.

Mkono usiopiga kelele

Miaka ya 1980 maisha yalipokuwa magumu, wazazi walirudi kubeba ada na michango ya shule. Ada ya shule za msingi ilikuja kufutwa mwaka 2001. Katika miaka hiyo ya katikati, watoto wengi walirudishwa nyumbani kwa kukosa mchango.

Shangazi alikuwa na mshahara mdogo na watoto wanne wa kuwazaa mwenyewe. Lakini alikuwa na bustani ya kabichi, na fedha ya kabichi ilikuwa na kazi yake. Hakumwita mtoto mhitaji mbele ya wenzake. Alimtuma kuchota maji, na mtoto akirudi alikuta daftari jipya ndani ya mfuko wake. Penseli moja aliikata vipande viwili, akavichonga vyote, wanafunzi wawili wakaandika.

Sisi watoto wa kaka zake tumepita mikononi mwake mmoja baada ya mwingine, na tumesoma kwa kabichi zile. Leo miongoni mwetu yupo fundi seremala, wapo wakulima, yupo mwalimu na yupo muuguzi. Nyumbani kwake kulikuwa na sheria moja: aliyeelewa hesabu kwanza hakuruhusiwa kuinuka mpaka amemwelekeza asiyeelewa. Chakula kiliwasubiri wote.

Mtoaji anapokataa kupokea

Lakini watu wa namna hii wana jaribu lao. Wamezoea kutoa hata kupokea kunawaonea haya. Mwaka 2024 tuligundua kwamba shangazi hasomi tena. Kanisani aliifungua Biblia kama kawaida, akatamka zaburi kwa kichwa, asijue mtu. Mjukuu ndiye aliyetoboa siri, aliposema kwamba bibi anaishika Biblia juu chini.

Ilikuwa mtoto wa jicho, macho yote mawili. Tulipomweleza kwamba tumechanga fedha za matibabu, alikataa katakata. "Mimi nimekwisha kusoma vya kutosha," alisema. "Fedha hiyo mpelekeni mtoto shule." Tukambembeleza majuma mawili, tukashindwa.

Aliyemshinda ni bibi mmoja jirani, mkubwa kwake kwa miaka kadhaa, aliyefundishwa kusoma naye miaka ile ya 1970. Alikuja na fimbo yake, akaketi, wakaamkiana. Kisha akasema, "Mwalimu, nilipokuja darasani kwako nilikuwa na watoto wanne. Niliona haya kufundishwa na binti mdogo kama wewe. Ukaniambia haya haisomi barua ya mume wangu. Sasa leo haya yako itakusomea nini?" Shangazi alinyamaza kitambo. Halafu akauliza gari linaondoka saa ngapi.

Akina mama, tulijue jambo hili. Mtoto wa jicho ni ukungu katika lenzi ya jicho, na duniani kote ndio sababu kubwa kuliko zote ya upofu. Hautoki kwa dawa ya matone, wala kwa majani, wala kwa miwani. Huondolewa kwa upasuaji, ambao kwa kawaida hauzidi saa moja. Jicho hutiwa ganzi, lenzi iliyochafuka hutolewa na kuwekwa ya bandia. Wagonjwa wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo au kesho yake. Shangazi alipasuliwa jicho moja kwanza, na la pili baada ya miezi michache. Sasa anavaa miwani ya kusomea tu, na vijana wa kipaimara wamerudi ukumbini kwake kila Jumamosi.

Tufanyeje nasi?

Kila ukoo una shangazi wa aina hii, au mama mdogo, au mwalimu wa Shule ya Jumapili. Usingoje mwaka wa 75. Mwambie asante kwa kutaja jambo lenyewe: daftari lile, viatu vile, usiku ule alipokesha nawe. Watoto wako wasikie ukisema, ili wajue walikotoka.

Kisha umtazame vizuri. Je, anajikwaa mlangoni? Anamimina chai nje ya kikombe? Mpeleke akapimwe macho, na siku hiyo hiyo apimwe shinikizo la damu na sukari. Akikataa, usigombane naye. Mtafute rika lake amwambie. Kupokea nako ni utii, maana hata Bwana wetu alikubali kuhudumiwa na wanawake waliomfuata kutoka Galilaya.

Shangazi, shikamoo. Uliyoyapanda yameota, nawe umeyaona kwa macho yako mawili. Bwana akuongezee siku, na kila ukifungua Kitabu chake, uendelee kukisoma mwenyewe.