Kabla ya Zahanati Yako Kununua Kompyuta ya Rekodi

Miaka michache iliyopita mama mmoja aliingia katika zahanati yetu akilalamika koo. Mama huyo ana mzio wa penisilini. Dawa hiyo inaweza kumuua. Daktari aliyekuwa zamu alikuwa mgeni. Umeme ulikuwa umepotea, kompyuta imezimika, na mafaili ya karatasi tulikuwa tumeyafungia stoo. Daktari alikuwa akiandika amoksilini, ambayo ni jamii ya penisilini, muuguzi wetu mzee alipomwambia: "Daktari, huyu mama hapewi hiyo."

Kumbukumbu ya muuguzi ndiyo iliyomwokoa, wala si mtambo tulioununua kwa fedha nyingi.

Msomaji, hata kama wewe si daktari jambo hili lakuhusu, kwa kuwa rekodi hizo ni za mwili wako. Sisemi turudie karatasi. Mafaili hupotea, na mwandiko wetu madaktari mnaujua. Kompyuta humwonyesha daktari vipimo vyako vya shinikizo la damu vya miaka mitano kwa mara moja. Hapa Kenya kazi hii si ngeni: kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, kilianza kuweka rekodi za wagonjwa kwa kompyuta mwaka 2001. Tatizo ni kununua bila kuuliza. Haya ndiyo maswali ninayouliza siku hizi.

Kwanza, umeme au intaneti ikikatika itakuwaje? Muuzaji akija kukuonyesha programu, chomoa waya wa umeme na wa intaneti mbele yake, uone kama bado utalipata jina la mgonjwa na dawa zinazomdhuru. Betri ya akiba ni ya lazima.

Pili, nikitaka kuhama, rekodi zitatoka? Kuna wauzaji ambao ukiacha kulipa ada ya mwezi hukufungia mlango, na historia za wagonjwa zikabaki ndani. Mkataba useme wazi kwamba utakabidhiwa rekodi zote katika muundo ambao programu nyingine inaweza kuusoma.

Tatu, nakala huwekwa wapi? Kompyuta huibwa na huungua. Nakala iwe mahali pengine, na mara kwa mara ijaribiwe kama inafunguka.

Nne, nani anaona nini? Karani wa mapokezi hana haja ya kusoma majibu ya kipimo chako cha Ukimwi. Kila mfanyakazi awe na neno lake la siri, na mtambo uonyeshe ni nani aliyefungua faili lipi na saa ngapi. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, habari za afya ni nyeti, na mgonjwa ana haki ya kuona zilizoandikwa juu yake na kutaka makosa yasahihishwe.

Tano, gharama yote ni kiasi gani? Bei ya kununua ni mwanzo tu. Ongeza mafunzo, matengenezo, na kazi ya kuingiza mafaili ya zamani. Zipo programu zisizolipiwa leseni, kama OpenMRS iliyoanzishwa mwaka 2004, lakini hata hizo zinahitaji fundi. Uliza pia kama programu itaweza kupeleka madai ya malipo kwa SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na kwa kampuni za bima.

Mwisho, mpe muuguzi na karani waijaribu kabla hujatia sahihi. Wao ndio watakaoitumia kutwa.

Nawe mgonjwa, usiiachie kompyuta kila kitu. Andika kwenye kikaratasi majina ya dawa unazotumia na zile zinazokudhuru, ukitie ndani ya kibeti pamoja na kitambulisho. Karatasi hiyo haihitaji umeme.