Fahamu: Kutafuta mimba baada ya miaka 35
Kutoka Mirongo, katikati ya Mwanza, Hospitali ya Sekou Toure na ile ya Bugando zote si mbali. Kinachowagharimu wengi ni kusubiri. Mwanamke aliyevuka miaka 35 akajaribu miezi 6 bila kushika mimba, aende kupimwa. Mwenye 40 asingoje hata hiyo miezi.

Mwanamke huzaliwa na akiba yake yote ya mayai, na kuanzia miaka 35 hivi idadi na ubora hushuka haraka. Hakuna kidonge wala mizizi inayorudisha akiba hiyo, hata muuzaji aape vipi.

Siku zenye uwezekano ni takribani 6: ile yai linapotoka na 5 zilizotangulia. Kwa mzunguko wa siku 28, yai hutoka karibu siku ya 14. Kukutana kila baada ya siku moja au mbili kuanzia siku ya 9 kunatosha.

Mirija ya uzazi nayo huzibwa na makovu ya kisonono na klamidia. Kwetu Kanda ya Ziwa kuna pia kichocho. Kile cha njia ya mkojo huweza kujeruhi shingo ya kizazi na mirija, kwa hiyo kama ulikulia kwenye mabwawa na madimbwi, mwambie daktari. Dawa huua minyoo, lakini kovu hubaki.

Na mume je? Apimwe mbegu mapema, tafadhali, kabla mkewe hajazungushwa vipimo vyote peke yake.

Wakati huohuo mama apime presha na sukari, na aanze foliki asidi, mikrogramu 400 kwa siku.