Fahamu Hatari za Kujaza Upya Maganda ya Risasi Nyumbani

Na Mwandishi Wetu

Mmiliki wa silaha anayeokota ganda la risasi iliyokwishapigwa anaweza kudhani kuwa amepata njia ya kupunguza gharama: kulijaza baruti na kulitumia tena. Kabla ya kufanya hivyo, ni muhimu afahamu sheria inasema nini na mwili wake utakabiliwa na hatari gani.

Usimamizi wa silaha na risasi nchini unaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya Mwaka 2015. Leseni ya kumiliki silaha si leseni ya kutengeneza risasi. Mwenye silaha halali anapaswa kununua risasi kwa muuzaji aliyeidhinishwa, kwa aina na idadi aliyoruhusiwa.

Risasi ina sehemu nne: ganda, fataki inayowasha moto, baruti na kichwa kinachoruka. Baruti ikizidi kidogo tu, au ikiwa si ya aina inayostahili, shinikizo hupita uwezo wa chuma na silaha hupasuka karibu na uso wa mpigaji. Baruti ikikosekana, fataki peke yake huweza kusukuma kichwa hadi katikati ya mtutu na kukiacha humo. Risasi inayofuata hukikuta njiani na mtutu hupasuka.

Nchini Marekani, ambako raia wanaruhusiwa kujaza risasi kwa matumizi yao binafsi, anayeanza hutakiwa kufuata majedwali ya watengenezaji wa baruti, kupima kwa mizani, kuvaa miwani ya kinga na kuweka aina moja tu ya baruti mezani. Hata kwa tahadhari hizo, ajali hutokea.

Wamiliki halali wa magobore wanapaswa kuwa makini zaidi, kwa kuwa silaha hiyo hujazwa kupitia mdomo wa mtutu. Gobore hutumia baruti nyeusi. Baruti inayotolewa ndani ya risasi za kisasa haifai kamwe kutumika humo, kwani nguvu yake huweza kuupasua mtutu.

Nyumbani, fataki na baruti zitengwe na moto, joto na watoto, na zifungiwe mahali salama. Fataki hulipuka hata kwa kugongwa, hivyo zisichanganywe na baruti. Aidha, vumbi la madini ya risasi ni sumu, hususan kwa watoto. Anayeshika maganda yaliyotumika anawe mikono kabla ya kula.

Mwananchi anayeokota risasi au kitu anachokitilia shaka asikiguse, asikigonge wala asikitupe motoni. Awaondoe watu eneo hilo, kisha atoe taarifa kituo cha polisi kilicho karibu, kwa uongozi wa kijiji au mtaa, au apige simu ya dharura namba 112.

Gharama ya risasi chache haiwezi kulinganishwa na jicho, mkono au uhai wa mtu.