Siena: Mji Uliochora Utawala Bora Ukutani

Mwaka 1338 wakuu wa Siena, mji wa katikati ya Italia, walimwita mchoraji wa mji huohuo, Ambrogio Lorenzetti, wakamkabidhi kuta tatu za chumba chao cha vikao. Hawakumtaka achore sura zao wala vita walivyoshinda. Walimtaka achore utawala bora na utawala mbaya, pamoja na kile ambacho kila mmoja huuletea mji na mashamba yake. Alimaliza mwaka uliofuata. Michoro hiyo ingalipo mpaka leo katika jumba lilelile la Palazzo Pubblico.

Nimefundisha uraia katika shule za sekondari mkoani Tanga karibu maisha yangu yote ya kazi. Kila mwaka niliandika ubaoni sifa za utawala bora, wanafunzi wakanakili. Binti yangu alipokwenda Siena kusoma Kiitaliano, nilipata nafasi ya kumtembelea mwishoni mwa Juni. Ndani ya chumba kile nililikuta somo langu, safari hii likiwa na nyuso za watu.

Walioagiza kazi hiyo waliitwa Watisa. Walikuwa zaidi wafanyabiashara na watu wa benki, na serikali yao ilidumu tangu 1287 hadi 1355. Kila kundi la tisa lilishika madaraka miezi miwili tu. Kwa muda huo waliishi ndani ya jumba, mbali na familia na biashara zao, ili wasishawishiwe. Walijadili kodi na kesi huku michoro ile ikiwatazama.

Katika ukuta wa mbele amekaa mzee mwenye mavazi meusi na meupe, rangi za Siena. Ndiye mji wenyewe na manufaa ya wote. Upande mwingine yuko Haki na mizani yake. Kutoka kwenye mizani zinashuka kamba mbili, zinapokelewa na mwanamke aitwaye Mapatano, naye anawapa, zikiwa kamba moja, raia ishirini na wanne waliopanga mstari, wakiishika pamoja mpaka kwa yule mzee. Mapatano amepakata randa ya seremala, maana watu hawawezi kuishika kamba moja kabla ya tofauti zao kusawazishwa.

Ukuta wa kulia unaonyesha mji wenye amani. Fundi viatu yuko dukani, mafundi ujenzi wako juu ya jengo, punda wanaingia na mizigo, vijana wanacheza ngoma barabarani. Yumo pia mwalimu mbele ya wanafunzi wake, na hapo nilisimama kwa muda mrefu. Mchoraji huyu alipoulizwa utawala bora unaonekanaje, hakuchora kiongozi akihutubia. Alichora watu wanaofanya kazi zao bila woga, na wakulima wanaoleta mazao mjini kwa barabara iliyo salama.

Ukuta wa kushoto umechakaa zaidi, lakini ujumbe wake unasomeka. Mtawala dhalimu ana pembe, na miguuni pake Haki amefungwa kamba. Nyumba zinabomolewa, mashamba yamekufa, na fundi pekee anayeendelea na kazi ni mtengeneza silaha. Sijaona maelezo ya udhalimu yaliyo mafupi na ya kweli kuliko hayo.

Ukitoka nje unakanyaga hesabu ya serikali ileile. Uwanja mkuu, Piazza del Campo, una umbo la kombe la baharini, na sakafu yake ya matofali imegawanywa kwa mistari ya mawe meupe katika vipande tisa, ukumbusho wa Watisa. Panda juu hadi kanisa kuu na utaona ukuta mrefu uliosimama peke yake. Mwaka 1339 Siena ilianza kulipanua kanisa hilo kupita kiasi, hivi kwamba jengo zima la awali lingekuwa sehemu ya kukingama tu ya jipya. Mwaka 1348 tauni ikaingia, ikaua sehemu kubwa ya wakazi, na inaaminika Lorenzetti alikuwa miongoni mwao. Ujenzi uliachwa. Mwaka 1555 jamhuri yenyewe ilisalimu amri mbele ya majeshi ya Hispania na Florence. Mji ukadumaa, na kwa sababu hakukuwa na fedha za kubomoa na kujenga upya, barabara za karne ya 14 zikabaki.

Serikali ilikufa, lakini mitaa haikufa. Siena ina mitaa 17 inayoitwa contrade, na mipaka yake iliwekwa rasmi mwaka 1729. Kila mmoja una nembo, kanisa, makumbusho na chemchemi ambako watoto hupokewa kuwa wanamtaa. Kuna mtaa wa Bata Bukini, wa Konokono, wa Wimbi, na hata wa Twiga, wenye bendera nyekundu na nyeupe. Mitaa hii hushindana mara mbili kwa mwaka, tarehe 2 Julai na 16 Agosti, katika mbio za farasi ziitwazo Palio.

Uwanja wa Campo humwagiwa udongo. Farasi kumi, kwa kuwa si mitaa yote hukimbia kila mara, huzunguka mara tatu bila matandiko, na mbio huisha kwa takriban dakika moja na nusu. Farasi hugawiwa kwa kura siku tatu kabla, kwa hiyo mtaa tajiri hauwezi kununua aliye bora. Siku yenyewe farasi huingizwa kanisani kubarikiwa. Farasi aliyemwangusha mpandaji wake bado anaweza kushinda. Zawadi ni bendera ya hariri iliyochorwa na msanii, bila fedha. “Mama, hapa kuwa wa pili ni aibu kuliko kuwa wa mwisho,” binti yangu aliniambia, na nilipowaona watu wazima wa mtaa ulioshindwa wakilia hadharani nilimwamini.

Mbio hizi zina lawama zake. Farasi wamekufa kwenye kona kali, na wapo wanaotaka zikomeshwe. Kona mbaya zaidi sasa huwekewa magodoro, na huchaguliwa farasi wa damu mchanganyiko, wenye mifupa imara zaidi. Tena mitaa hulipana kwa siri ili kumzuia hasimu, jambo ambalo Lorenzetti asingelichora kwenye ukuta wa kulia.

Hata hivyo, kilichonigusa kuliko mbio ni chakula cha usiku wa kuamkia siku ya Palio. Kila mtaa unaokimbia hupanga meza ndefu barabarani kwa mamia ya watu, na wageni huweza kununua nafasi. Wapishi ni wanamtaa, wahudumu ni vijana wao, na hakuna anayelipwa. Mzee aliyeketi karibu nasi alitueleza kwamba kazi haiishi na Palio: mwaka mzima kuna wagonjwa wa kutembelea, watoto wa kufundishwa kupiga ngoma na kurusha bendera, makumbusho ya kutunza.

Kwa atakayekwenda, viza ya Schengen kwa mtu mzima ni yuro 90, na bima ya safari isipungue yuro 30,000. Kutoka Florence basi huchukua kama saa moja na robo. Kusimama katikati ya uwanja siku ya Palio ni bure, lakini utazuiliwa humo kwa saa nyingi juani, kwa hiyo wazee na watoto wadogo wasijaribu. Usiondoke bila kuonja panforte, keki nzito ya lozi, asali na viungo.

Ushauri wangu mkubwa ni wa mpangilio: anza na chumba cha Watisa, kisha nenda mitaani. Ukiishaona ile kamba iliyoshikwa na raia, utaitambua katika meza ndefu na katika vijana wanaoosha masufuria usiku wa manane. Watisa waliamini kwamba mji hudumu watu wake wanapokubali kushika kitu kimoja. Serikali yao iliangushwa miaka kumi na sita tu baada ya michoro kukamilika, lakini Wasiena waliendelea kushika kamba hiyo bila wao, na kwangu huo ndio ushahidi kwamba mchoraji alisema kweli. Narudi darasani nikiwa na picha za kuta hizo tatu, na wanafunzi wangu wataanza somo la utawala bora kwa kuzitazama kabla hawajanakili neno lolote.