Abdilatif Abdalla: Fumbo na Siasa katika "Sauti ya Dhiki"

Walimu wa shule za sekondari za Kitale na Bungoma ambao nimepata kuisoma nao diwani ya "Sauti ya Dhiki" aghalabu huuliza maswali mawili. La kwanza ni la lugha: kwa nini mshairi ashikilie Kimvita, ilhali wasomaji wake wengi ni watu wa bara? La pili ni la siasa: ikiwa alikuwa na neno la kuiambia serikali, mbona hakulisema waziwazi? Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba maswali haya ni ndugu, na kwamba jibu lake limo katika maisha ya mshairi mwenyewe.

Abdilatif Abdalla alizaliwa Mombasa mwaka 1946. Ushairi aliukuta nyumbani. Sehemu ya utoto wake aliishi Faza, katika kisiwa cha Pate, akilelewa na babu yake, Ahmad Basheikh Husein, aliyekuwa mshairi. Naye Ahmad Nassir Juma Bhalo, mtunzi wa "Malenga wa Mvita", ni nduguye. Nyuma yao ilikuwapo jadi ya Mombasa ambayo, tangu zama za Muyaka bin Haji mwanzoni mwa karne ya 19, ilikwisha zoea kuliona shairi likiwa silaha katika ugomvi wa watawala.

Akiwa kijana aliunga mkono KPU, chama cha upinzani kilichoongozwa na Jaramogi Oginga Odinga. Mwaka 1968 ulitolewa waraka ulioitwa "Kenya: Twendapi?", uliohoji mwenendo wa serikali ya uhuru. Hapa ndipo swali la pili linapopata jibu lake la kwanza: Abdilatif alisema waziwazi, kwa nathari isiyo na fumbo hata kidogo. Alikuwa na umri wa miaka 22. Alikamatwa mwishoni mwa mwaka huo, akashtakiwa kwa uchochezi, na Machi 1969 akahukumiwa kifungo cha miezi 18. Serikali ilikata rufani, na kifungo kikaongezwa kuwa miaka 3. Alifunguliwa mwaka 1972.

Mashairi ya "Sauti ya Dhiki" aliyatunga gerezani, akiyaandika kwa siri katika karatasi za chooni. Hali hiyo yatosha kutufahamisha kwa nini alichagua vina na mizani vya jadi. Shairi lililofungwa kwa vina hukaa katika kumbukumbu, na mwenye kuporwa karatasi yake haporwi utungo wake. Kwa hiyo wale wanaodai kwamba umbo la jadi ni pingu kwa fikra za kimapinduzi hawana budi kulitazama upya dai lao. Mtu huyu alikuwa kifungoni kwelikweli, na umbo hilo ndilo lililompa nafasi ya kusema.

Ndivyo ilivyo kwa fumbo pia. Katika "Mamba" hakutajwa waziri wala chama. Aliyetajwa ni mnyama anayejidai kwa nguvu zake. "Mnazi: Vuta N'kuvute" ni majibizano ya watu wawili wanaogombea mnazi mmoja. Kitale haioti minazi, lakini nilipolisoma shairi hilo huko sikuhitaji kulifafanua kwa muda mrefu. Trans Nzoia ilikuwa nchi ya mashamba ya walowezi, na swali la nani ayarithi mashamba hayo baada ya uhuru ni swali ambalo kila mwanafunzi amelisikia nyumbani kwao. Mnazi ukageuka shamba mara moja. Fumbo halikuificha maana; liliipa njia ya kusafiri.

Nilipokuwa nikisoma ng'ambo tulifundishwa habari za Shelley, mshairi wa Kiingereza. Mwaka 1819 wapanda farasi wa serikali waliwashambulia watu waliokusanyika Manchester kudai haki ya uwakilishi bungeni. Shelley akatunga shairi la kuwashutumu watawala kwa majina yao. Halikuchapishwa hadi mwaka 1832, yeye mwenyewe akiwa amekwisha kufa miaka 10. Diwani ya Abdilatif ilichapishwa mwaka 1973, mwaka mmoja tu baada ya kufunguliwa kwake, na mwaka 1974 ikapewa tuzo ya fasihi yenye jina la Jomo Kenyatta, rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga.

Tulirejee swali la lugha. "Siwati" ni "siachi". "N'shishiyelo" ni "nililolishikilia". Mwanafunzi wa Bungoma huyaona maneno haya kuwa mageni. Lakini tamati hiyo ya "-ye", ionyeshayo tendo lililotimia ambalo athari yake ingalipo, ni jamaa wa tamati "-ile" iliyoenea katika lugha nyingi za Kibantu. Kimvita kimehifadhi kile ambacho Kiswahili sanifu kimekiacha. Tena, kwa mtu anayetakiwa akane msimamo wake, kuishikilia lugha ya mama yake ni sehemu ya kutokukana.

Wala watu wa Bungoma si wageni wa jambo lenyewe. Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa, alifungwa na wakoloni, na akafungwa tena baada ya uhuru. Wabukusu wana kumuse, hotuba ya matanga ambayo msemaji wake huruhusiwa kuionya jamii bila ya kuogopa, kwa methali na visa vya kale. Mwalimu akianzia hapo, Abdilatif hatakuwa mgeni darasani.

Baada ya kifungo mshairi huyu alikwenda Dar es Salaam, kisha London mwaka 1979 katika Idhaa ya Kiswahili ya BBC, na tangu 1995 hadi 2011 alifundisha Chuo Kikuu cha Leipzig. Miongoni mwa kazi zake za awali huko Dar es Salaam ni kuuhariri "Utenzi wa Fumo Liyongo", uliotoka mwaka 1973. Liyongo, mshairi aliyefungwa, alimpelekea mama yake ujumbe kwa fumbo, akaletewa tupa ndani ya mkate wa wishwa. Walinzi waliudharau mkate ule, wakaupitisha.