Kubadili Rangi ya Midoli ya Plastiki

Mdoli wa plastiki hubadilishwa rangi kwa njia mbili: kupakwa rangi juu, au kuchemshwa ndani ya maji ya rangi mpaka rangi ipenye. Rangi ya kupaka hubanduka mapema magotini na mabegani, mahali viungo vinaposuguana, tena huziba nakshi ndogo za uso. Iliyopenya haibanduki. Kwa sanamu za mashujaa wa filamu, ambazo viungo vyake vinazungushwa kila siku, kuchemsha ndiyo njia bora.

Kosa la kawaida ni kutumia rangi ya pamba. Katika Mkoa wa Simiyu, unaoongoza nchini Tanzania kwa kilimo cha zao hilo, kosa hilo ni rahisi kufanyika, kwa kuwa rangi zinazozoeleka ni za vitambaa. Mtengeneza batiki huandaa rangi yake kwa kostiki na haidrosalfaiti, na matokeo kwenye pamba ni mazuri kweli. Lakini pamba ni selulosi, nayo hunywa maji. Maji ndiyo yanayoipeleka rangi ndani ya nyuzi. Plastiki nyingi hazinywi maji, kwa hiyo rangi ya batiki huishia juu na kuoshwa kwa sabuni.

Inayofaa ni rangi ya poliesta. Aina hii ilibuniwa miaka ya 1920, baada ya kitambaa cha asetati kuzikataa rangi zilizokuwepo. Haiyeyuki sana majini. Huelea humo kama chembe laini mno. Joto linapolegeza minyororo ya molekuli za plastiki, molekuli za rangi kutoka kwenye chembe hizo huingia katikati yake, na plastiki ikipoa hufungwa humo.

Hapo joto ndilo lenye uamuzi. Viwanda hupika poliesta kwa nyuzi joto 130 hivi ndani ya mitambo ya presha. Sufuria ya kawaida haifiki kiwango hicho. Bariadi, mji wa mkoani Simiyu, iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji huko huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kwa plastiki ya ABS, ambayo hulainika karibu na nyuzi 105, joto hilo linatosha bila kuiharibu. PVC ngumu hulainika mapema, kwenye 80 hivi. Hiyo ipikwe kwa moto mdogo, maji yasichemke, la sivyo mikono na miguu ya sanamu itapinda. Nailoni, ile ile ya nyavu zinazotumika Ziwa Victoria upande wa Busega, hupokea rangi kwa wepesi kuliko zote.

Polietilini na polipropilini, yaani plastiki za madumu, ndoo na viroba, hazishiki rangi hii vizuri. Kuzitambua si kazi ngumu: kipande kisicho na uwazi ndani kikitiwa kwenye maji baridi yasiyo na chumvi, hizo mbili huelea, ABS, PVC na nailoni huzama.

Sanamu huoshwa kwanza kwa sabuni ili mafuta ya mikono yatoke, na ikiwezekana hufunguliwa viungo, kwani skrubu za chuma hupata kutu. Rangi hukorogwa kwenye maji ya moto, kisha sanamu hugeuzwageuzwa humo ili isigusane na kitako cha sufuria, ambacho kina joto kali kuliko maji. Dakika chache zaweza kutosha. Hutolewa, husuuzwa, hutazamwa, na ikibidi hurudishwa. Sufuria hiyo isipikiwe chakula tena, kazi ifanyike nje penye hewa, na mtoto anayetia vitu mdomoni asipewe mdoli uliotiwa rangi. Maji yanayobaki yasimwagwe mtoni. Mto Simiyu huishia Ziwa Victoria, ambalo watu hunywa maji yake na kula samaki wake.

Rangi hii huongeza, haiondoi. Sanamu nyeupe hupokea rangi yoyote, ya njano ikitiwa buluu huwa kijani, na nyeusi hubaki nyeusi.